Papa Symphorien Kabera Aacha Mikrofoni, Ashika Maneti

Tarehe 30 Juni 2024, baada ya miaka ishirini na moja ya kutangaza, Papa Symphorien Kabera anastaafu kazi katika Redio Sauti ya Vilima, hapa Masisi-Centre. Programu ya sherehe ilihitaji mtu wa kuandika wasifu wake, na mkurugenzi wetu, Papa Luc, akanitupia mimi, Solange Dusabimana, mtangazaji niliyefundishwa kazi na mstaafu mwenyewe. Nimekubali kwa moyo wote. Nina mengi ya kusema juu yake, na leo hawezi kunikata maneno.

Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2003, redio ikiwa chumba kimoja cha mbao na betri ya lori, alikuja kuleta tangazo la mkutano wa wazazi. Alimkuta mtangazaji amekaukiwa na sauti kwa mafua, akaombwa alisome mwenyewe. Alilisoma vizuri hata akabembelezwa asome na mengine yaliyokuwa mezani. Shule ilimngoja, ikachoka.

Tangu hapo ndiye aliyeviamsha vilima hivi. Kila asubuhi aliuliza kama tumelala vizuri, kisha akanyamaza kidogo, kama anayengoja kweli jibu. Mama mmoja mchuuzi wa samaki kule Bweremana aliniapia kwamba humjibu kila siku, na kwamba siku akichelewa kumjibu huona aibu. Siku mbuzi wa jirani alipojipenyeza studioni katikati ya habari, Papa Symphorien alimkaribisha hewani, akawaambia wasikilizaji kuwa mgeni wetu wa leo hana maneno mengi, akaendelea na bei ya maharagwe. Mimi nilikuwa chini ya meza nikijiziba mdomo.

Kazi yake kubwa ilikuwa nyingine. Kila mara vita vilipowakimbiza watu makwao, alisoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi njiani. Aliyasoma asubuhi, akayarudia jioni, na mtoto alipopatikana alirudi hewani kututangazia kana kwamba ni mjukuu wake aliyezaliwa. Mwaka jana Uwingabire, ambaye alipatikana kwa njia hiyo akiwa bado mdogo, aliolewa. Mama yake alimketisha Papa Symphorien upande wa familia, na wajomba wakasogea ili apate nafasi. Hakuna cheti tulichonacho ofisini kinachofikia heshima ile.

Halafu kuna matangazo ya misiba. Hapa kwetu redio hufika mahali ambapo mtu angetembea siku nzima, kwa hiyo familia hutuletea jina la marehemu ili ndugu wote wapate habari. Papa Symphorien alimpokea kila aliyeleta tangazo, akampa pole, kisha akamuuliza kama mama wa marehemu ameshaambiwa. Kama si mama, basi mke, ama mume. Ikiwa bado, tangazo lilingoja hadi mtu amfikie kwa miguu, amkalishe chini na amwambie. Baada ya hapo ndipo alilisoma, na akishataja jina alinyamaza. Mimi nilijifunza hivyo kwa kumtazama tu. Sikumbuki hata siku moja alipotuambia kwamba hiyo ni kanuni.

Mwaka jana mshirika wetu mmoja, anayeifadhili redio, alituletea akili bandia, ile mashine inayosoma maandishi kwa sauti ya mtu. Tuliibatiza Sista, kwa sababu ilisoma kila kitu kwa utulivu uleule wa masista kanisani. Haikukohoa, haikuchelewa kwa sababu ya mvua, haikuomba ruhusa ya kwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa shemeji. Hofu ilituingia wote. Thierry, fundi wetu wa mitambo, alianza kuongea nayo kwa adabu, akijisemea huenda siku moja ikawa bosi wake. Hata Papa Luc aliuliza, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kama kuna mashine ya wakurugenzi.

Papa Symphorien hakuichukia. Aliikabidhi bei za sokoni na hali ya hewa, akasema wazi kuwa kwa miaka yote hiyo bei ya mihogo haikuwahi kumsisimua. Lakini hofu yake mwenyewe alikuwa nayo, ila aliipeleka mahali tusipopategemea: kwenye sali, yaani ukumbi wa michezo ya video, wa Prince, nyuma ya soko. Alijua kuwa siku za kukaa nyumbani zinakuja, na alitaka kuona kama duniani kuna mchezo mmoja unaostahili muda wa mtu mzima.

Prince, baba wa watoto wawili anayewasha televisheni zake kwa umeme wa jua, alimpokea vizuri na kumpa maneti, kile kidude chenye vibonye cha kuchezea. Alianza na mchezo wa vita. Baada ya muda mfupi Papa Symphorien aliweka maneti chini, akamwambia: "Prince, risasi iko bure kule inje. We unalipisha batu juu ya kupigwa?" Mchezo wa magari haukufika mbali, kwa kuwa alisimama kila alipoona mtu kando ya barabara, akisikitika kwamba hakuna namna ya kumpa lifti. Binti yake Elodie akamwekea kwenye simu mchezo wa kilimo. Maharagwe yaliiva kabla hajamaliza chai, na hakuna aliyekuja kuyavuna usiku. Alimrudishia simu, akasema aliyebuni mchezo huo hajawahi kushika jembe.

Hapo ndipo msiba wa Kashuga ulipotufika. Papa Symphorien alikuwa katika likizo ya siku chache. Kutoka Omate, kule Walikale kwenye machimbo, ulikuja ujumbe wa simu: shimo limeporomoka, kijana Jérémie amefariki, familia yake kule Kashuga itangaziwe. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshauliza kuhusu mama, maana huko nyuma swali hilo lilikuwa daima limeshaulizwa. Hakuna aliyeuliza. Sista alilisoma tangazo saa sita mchana, vizuri sana, na Mama Nyiramana, mama wa kijana, alilisikia akiwa anapalilia shamba, kwenye redio ya jirani iliyoning'inizwa uani.

Papa Symphorien alipojua, alikata likizo yake na kutafuta pikipiki mbili. Tulipita njia ile ya matope mimi na yeye, tukafika Kashuga nguo zimebadilika rangi. Hakujitetea kwamba hakuwa kazini. Alipiga magoti mbele ya yule mama, akaomba msamaha kwa niaba ya redio nzima. Kisha akaenda kuketi na wanaume. Mimi niliingia kwa wanawake, nikakaa karibu na Mama Nyiramana. Nilikesha hapo naye. Tuliondoka kesho yake, na Papa Symphorien akanipa mimi nisome tangazo la mazishi.

Ningependa kuandika kwamba mashine ilishindwa hapo, ikarudishwa ilikotoka. Haikuwa hivyo. Mshirika wetu alifika, akasikiliza, akaifundisha kuuliza. Siku hizi ukiitumia habari ya msiba, Sista inakuuliza kwanza kama mama ameambiwa, na isipojibiwa haisomi. Mshirika akaitisha kikao, akasema sasa redio haihitaji tena mtangazaji. Katika kikao hicho Papa Symphorien alisimama na kusema hivi, nami nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: "Kuuliza, inajua sasa, sikatae. Lakini njo nani ataenda kukaa na ule mama?"

Mshirika mwenyewe alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mwishowe tulikubaliana: Sista abaki na bei, mvua na michezo, na misiba na majina ya watoto waliopotea yasomwe na mtu. Lakini fedha zilizobaki zilitosha kumlipa mtangazaji mmoja tu, na sisi tulikuwa wawili.

Hesabu niliifanya mwenyewe, nikakubali matokeo. Yeye ndiye mwenye miaka mingi kazini, na bado alikuwa na haki ya kuendelea mingine mitatu. Mimi nilianza kuwaza kuuza nguo kama dada yangu Mukandori. Niliikusanya mizigo yangu midogo studioni, kikombe na shali ya baridi. Ndipo Papa Luc aliponiita na kuniambia nibaki, kwa sababu Papa Symphorien amekuja asubuhi hiyo kuomba astaafu.

Nilikasirika. Nilitoka bila kuaga, nikaenda nyumbani kwake kumwambia siwezi kukaa mahali pa mtu kwa sadaka. Mkewe, Mama Joséphine-Marie, alinielekeza nyuma ya soko huku akitingisha kichwa.

Sali ya Prince ilijaa hadi mlangoni, na waliokuwa nje walisikiliza wamesimama. Ulikuwa mchezo wa mpira wa miguu. Ndani yake kuna mtangazaji, naye ni sauti ya mashine inayoongea Kifaransa bila kupumua. Papa Symphorien alikuwa ameizima. Vijana wawili walicheza, na yeye, maneti ya tatu mkononi kama mikrofoni, aliwatangazia. Alimpa beki jina la chifu mmoja mzito wa mwili, akamwita kipa mkwe wa nani sijui, na mpira ulipogonga mwamba aliuliza kama aliyepiga amelala vizuri. Watu walicheka hadi machozi. Prince aliniambia kwamba tangu aanze, wanaume wazima wanakuja kuangalia mchezo ambao hawachezi.

Aliponiona aliomba mapumziko, na kabla sijafungua mdomo akaniwahi: "Batu banasema mashine inakamata kazi ya muntu. Mi nimekamata ya mashine." Sikucheka. Nilimwambia kwamba mahali pale redioni ni pake, na kwamba sitaki kuhurumiwa. Alinivuta pembeni, akashusha sauti ile ambayo Masisi nzima inaijua.

"Siko nakuhurumia, binti yangu. Kule Kashuga, asubuhi tukitoka, Mama Nyiramana aliniita. Aliomba njo wewe, mwenye ulikesha naye, usome tangazo ya mazishi ya mutoto wake. Hakuniomba mimi. Nikajua kazi imeshapata mwenyewe."

Kisha akarudi kwa vijana wake, kwa kuwa kipindi cha pili kilikuwa kinaanza. Mimi nilibaki nimeegemea ukuta wa mbao, nikilia waziwazi mbele ya wateja wa Prince, na sioni aibu kuliandika hilo katika programu ya sherehe.

Kwa niaba ya Papa Luc, Thierry na wafanyakazi wote, kwa niaba ya familia ambazo alingoja mama zao waambiwe kwanza, tunamshukuru Papa Symphorien. Tunamshukuru pia Mama Joséphine-Marie, aliyemkopesha kwetu kila alfajiri. Wasikilizaji wanaotaka kumsikia tena wanajua pa kwenda, nyuma ya soko, na wafike mapema.

Mshirika wetu alipendekeza kwamba wasifu huu usomwe na Sista, na ni kweli angeusoma bila kukosea hata herufi. Nimeomba niusome mwenyewe. Nikinyamaza mahali, msidhani umeme umekatika.

Papa, Mungu akupe miaka mingi yenye afya na kicheko, wewe na nyumba yako. Cheza vizuri. Kesho asubuhi uwashe redio na usiwe na wasiwasi: kiti chako kina mtu.