Orest Hnatiuk, Aliyeambiwa Jasho Litaitoa Homa

Orest alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 hapa Dobrovka, Manitoba, mtoto wa pili wa Marusia na hayati Petro Hnatiuk. Mimi Larysa, dada yake, ndimi niliyemfunga viatu vya barafu kwa mara ya kwanza. Alianguka, akacheka, akalamba theluji.

Alisoma hapa hapa mpaka darasa la kumi na mbili, kisha akafanya kazi katika ghala la nafaka. Wakulima walimpenda kwa kuwa hakuwahi kumharakisha mzee.

Mwaka 2011 alimwoa Colleen, akamfundisha kufinya perogi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani. Za Colleen zilipopasuka chunguni, Orest alizila zote, akiapa kwamba hizo ndizo tamu.

Alhamisi, tarehe 28 Januari 2016, alishikwa na homa na maumivu ya kifua. Daktari alimwandikia barua: huenda kirusi kimeingia moyoni, asicheze hoki hata dakika moja mpaka apimwe Jumatatu.

Jumamosi, kabla ya mechi, aliipeleka barua kwa Kocha Wendell Prokop wa timu yake ya hoki. Yaliyofuata tuliambiwa na golikipa Dwayne, aliyekuja nyumbani akilia. Kocha aliisoma mbele ya timu, akibana sauti kama msichana.

"Jamani, moyo wa bibi harusi unadunda vibaya!"

Wote walicheka. Dwayne naye alicheka, amekiri mwenyewe.

"Kocha, kichwa kinaniuma, hata sioni vizuri," Orest alisema.

"Vaa, bwana! Jasho litaitoa hiyo homa."

Kipindi cha tatu cha mechi Orest alimwuliza Dwayne, "Mbona baba hajafika?" Baba alifariki mwaka 2003. Dwayne alimwita Kocha.

"Anazuga huyo. Mwacheni acheze!"

Orest akaanguka juu ya barafu.

Madaktari wa Winnipeg walisema kirusi kimoja kilikuwa kimevimbisha moyo na ubongo wake kwa pamoja. Angepumzika, huenda angepona. Hiyo "huenda" ilikuwa mali yake, akanyang'anywa. Alifariki Jumanne, tarehe 2 Februari, saa nne asubuhi, Colleen amemshika mkono.

Kocha ameomba kubeba jeneza upande wa kichwa na kulifunika kwa jezi ya timu. Kocha, uko benchi la tatu hapa kanisani, nakuona. Jibu la familia ni hapana. Jezi tumeichoma leo asubuhi katika jiko la mama.

Orest ameacha mama yake, mkewe Colleen, binti yake Nadia wa miaka mitatu, nami. Atabebwa na wanawake sita wanaopika jikoni mwa kanisa. Nyinyi mliocheka, kaeni mpaka apite.

Orest apumzike kwa amani. Wewe, Kocha, usiipate.