Marehemu Ambrosi Lugembe, Aliyeikatalia Igulwa Mara Tatu

Ndugu waombolezaji, marehemu Ambrosi Lugembe alizaliwa Kwihara tarehe 14 Machi 1896, mtoto wa mpagazi wa misafara aliyemzoesha mwanawe kuhesabu mizigo kila mgeni anapoaga. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1906 hadi 1911, na Januari 1920 akawa karani wa baraza la mtemi, kazi aliyoifanya kwa mwandiko mzuri na jicho la wasiwasi. Tarehe 6 Agosti 1922 alifunga ndoa na mama yetu Apolinaria, baada ya kuwachunguza wakwe miezi minane, wakajaliwa watoto wawili, Nikolaus ninayewasomea, na Flavia, aliyeolewa nchi jirani ya Igulwa, jambo ambalo marehemu hakulipenda hata kidogo.

Mwaka 1946 nchi tano za watemi zilipounda Umoja na kununua gari la wagonjwa, marehemu alikuwa mjumbe wetu, na kwa kuwa nchi mpya haikuingia bila wajumbe wote kukubali, Igulwa iliomba mara tatu, na mara tatu ikakwama kwake. Wenzake walipima asali ya Igulwa, msitu wake na mbung'o wake, lakini yeye aliuliza neno moja tu, wanatafuta nini, maana Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliwapigia debe mno, na kura ya sita, ya Igulwa, aliiona ni ya Bwana Shauri. Kanuni ya gari kutovuka mpaka wa wanachama aliiandika yeye.

Tarehe 2 Mei 1954, akiwa Igulwa kumwona mjukuu, kiharusi kilimwangusha, na gari likaja likasimama mpakani, kama alivyoandika. Wanaume wanne wa huko, watani zetu, walimbeba kwa machela maili kumi na tisa hadi kwenye gari, naye kwa ulimi mzito akawauliza kama wanambeba yeye au kura yake, wakamjibu kwamba kura wangeibeba kwa kidole, kinachowavunja mabega ni tumbo lake. Hospitalini aliitisha wino. Alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, akiacha barua ya kuikubali Igulwa, yenye alama ya dole gumba.

Sasa, baba yetu hakuwahi kuweka dole gumba maishani mwake, na aliyeileta karatasi ni Flavia, mke wa mtu wa Igulwa, kwa hiyo nilishuku, nikamhoji dada yangu hadi akalia, nami ninajuta. Dresa, mhudumu wa hospitali aliyemwuguza, alinieleza kwamba mkono wa kalamu ulikuwa umekufa, na dole lile ni la kushoto, lenye kovu la kisu cha nta ambalo wote tunalijua. Wajumbe mliopo, barua nawakabidhi mbele ya jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na dresa, majirani, makarani wenzake, na wale wanne wa Igulwa, waliochimba kaburi hili bila kuitwa. Pumzika kwa amani, baba, na huko watakaokupokea, usiwaulize wanatafuta nini.