Historia ya Marehemu Rolande Pelchat na Chumvi Aliyoilamba

Baba Padri, ndugu, majirani, na wewe Bwana Gaétan Lavertu uliyekaa benchi la tatu kama kawaida yako, mimi Maryse, binti mdogo wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, na mnivumilie, kwa sababu mama alinisimulia haya akiwa kitandani na akanikataza kupunguza kitu.

Marehemu Rolande Pelchat alizaliwa tarehe 11 Februari 1949 hapa Matane, mtoto wa saba wa Bwana Ovila na Bi Alphonsine, theluji ikiwa imefika madirishani, na bibi alizoea kusema kwamba huyu alitoka tumboni amekunja ngumi. Alisoma kwa masista hadi mwaka 1964, akafukuzwa, si kwa kufeli, bali kwa sababu msichana mmoja alimsingizia wizi wa kitambaa, naye akangoja mwaka mzima, kisha akammwagia ndoo ya maji mlangoni mwezi wa kwanza, baridi ikiwa kali kupita zote. Masista walipomtaka aombe radhi, alijibu aanze yule.

Alianza kazi kwenye gereji ya babu, na tarehe 8 Julai 1972, katika kanisa hili hili, akafunga ndoa na marehemu baba yetu, Normand, wakajaliwa watoto wawili, Johanne mwaka 1973 na mimi mwaka 1976. Kila Oktoba, kabla malori hayajaanza kumwaga barabarani chumvi ya kuyeyusha barafu, ile inayokula chuma, mama alilala chali chini ya magari yenu na bomba la mafuta, akanyunyizia chesisi hadi ndani ya milango, kisha akawafukuza kwa maneno mnayoyakumbuka: "Toka hapa na hilo gari lako, nenda barabara ya vumbi, likimbize mpaka livae vumbi kama donati kwenye sukari!" Vumbi likashika mafuta, mafuta yakashika chuma, na hakuna aliyekuja kulalamika ila kwa uwanja wake kuchafuka na matone ya mafuta.

Gaétan alifundishwa kazi hiyo na mama, akala mezani kwetu, na mwaka 1990 akafungua gereji yake ng'ambo ya barabara, akileta lami nyeusi ya kupaka chini ya gari, na kutangaza hadi kanisani: "Ya kwangu haidondoki hata tone, unapaka mara moja, unasahau!" Mama hakuwahi kuisingizia lami, alisema kwenye chuma kilichooshwa na kukauka haina neno, lakini gari lazima lilale ndani kwenye joto hadi likauke kabisa, na Gaétan alikuwa na foleni, akayapokea magari mwezi wa kwanza yakitiririka maji ya chumvi ya barabarani, akayapaka hivyo hivyo. Wateja waliona weusi unang'aa, wakaenda nyumbani na furaha zao.

Dada yangu Johanne alikuwa ameolewa karibuni, mama mkwe wake akamlipia hiyo lami kama zawadi, mwezi Januari 1994, naye akamficha mama, maana alijua kelele zitakazompata. Tarehe 9 Machi 1996, kwenye barabara ya pwani, chesisi ilikatika vipande viwili, gari likagonga mwamba, na Johanne akafia hapo hapo, akiwa na miaka ishirini na miwili. Mama alikwenda kulitazama gari, akaibandua ile lami kwa bisibisi, na chini yake chumvi ilikuwa bado nyeupe na mbichi, akaidokoa kwa kidole, akailamba. Hakulia siku ile.

Kwenye mazishi, mbele ya madhabahu hii, Gaétan alimpa mkono na kusema: "Pole sana, Rolande, lakini ni chumvi, na mimi sikumwaga chumvi barabarani." Mama akamjibu: "Siku utakayosema ulifanya nini, nitakuacha. Kabla ya hapo, thubutu!"

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, marehemu aliinama na nyundo yake ndogo kwenye uwanja wa kanisa, akagonga chini ya kila gari lililopakwa lami, kutu ikaanguka vipande vipande juu ya theluji, naye akamwambia mwenye gari: "Huyo ni Gaétan, anakusalimia." Padri wa wakati ule alimsihi asamehe, akamjibu kwamba msamaha upo tayari, umekosa wa kuuomba. Gereji ya ng'ambo ilifungwa mwaka 2005, na siku hiyo mama alioka pai ya nyama, akaila yote dirishani, taratibu, pazia likiwa wazi.

Oktoba 2017 Gaétan alileta gari lake mwenyewe, akasema: "Rolande, tumezeeka, nipakie mafuta." Mama akaliinua, akashika bomba, akamwambia: "Taja kilichomuua Johanne." Akajibu ni chumvi. Mama akalishusha gari bila tone. Siku hizi unakuja misa kwa miguu, Gaétan, sivyo?

Marehemu alianza kuugua mapafu Septemba 2022, akatibiwa nyumbani na hospitalini, akafariki tarehe 6 Februari 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na akili zake zote. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu ya njegere na kutuondolea theluji mlangoni, na mafundi wenzake walioleta pikapu ya baba ya mwaka 1979, ambayo haina hata tundu la kutu, kwa sababu mama alikataa gari la mazishi, akisema lile lina lami ya mtu.

Limebaki agizo moja. Mama amesema jeneza lisitoke hapa mpaka Gaétan Lavertu asimame na kusema kwa kinywa chake kwamba lile gari alilipaka likiwa limelowa. Kipaza sauti ni hiki, Bwana Gaétan. Usihofie kutuchelewesha, ardhi imeganda, kaburi litachimbwa mwezi wa tano, na sisi tumekaa.

Pumzika kwa amani, mama, nasi tutakuletea na amani ya Johanne.