Posa Ndani ya Bajaji

Jamani, hili hamtaliamini! Bi Wahida kapanda bajaji pale Bagamoyo mjini, kakaa na watu asiowajua, kijana na mshenga wake, wanakwenda kuposa.

“Ami, sema mimi mhasibu,” kijana kabembeleza.

“Wewe si unauza mishikaki! Zile komedi za zamani kwenye tivii hukuziona? Muongo lazima aumbuke.”

“Anaumbuka, lakini mke anapata! Kila ikiisha, harusi.”

Bi Wahida kacheka kimoyomoyo. Mshenga kaguna, “Haya, Saida wa Mzee Shuaibu akigundua, shauri yako.”

Kicheko kikamkauka Bi Wahida. Saida ni mtoto wa kaka yake, na posa yenyewe ndiyo anakwenda kuipokea.

Bajaji ikasimama mlangoni kwa Mzee Shuaibu. Kijana akamshika mkono kumteremsha. “Shikamoo, mama.”

Ungekuwa wewe, ungemwitikia nini?