Chai ya Ng'ambo ya Mto

Gari la abiria, Probox ya Kajiado, lilikuwa halijaimaliza Kitengela, na tayari Namunyak, mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma, alikuwa anajua habari za watu asiowajua. Mbele yake kijana Parsaoti alikuwa amepakata pistoni mpya, ameifunga kwa shuka kama mtoto mchanga.

"Ni ya pikipiki ya marehemu baba," alimwambia jirani yake, mzee Kullow, mchuuzi wa mbuzi. "Ile ya zamani ya kupanda milima. Petroli yake lazima uchanganye na oili. Baba alipoenda, ndugu yangu akaiwekea petroli tupu kama bodaboda. Injini ikanoki, ikafa."

"Si ununue bodaboda tu?"

"Haiwezi kulia kama ile, mzee. Mama alikuwa akiisikia ng'ambo ya mto, anaweka chai kwa moto. Baba akifika, imeiva."

Nje nyika ilipita polepole. Pundamilia wachache walisimama kama waliosahau walikokuwa wakienda.

"Mama anajua unaitengeneza?"

"Hapana. Nataka tu aisikie."

"Na ataweka chai ya nani?"

Parsaoti aliifunika pistoni vizuri zaidi, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Yangu."

"Basi ukifika mtoni, izime. Isukume mpaka nyumbani."

"Baba hakuisukuma hata siku moja."

Namunyak, ambaye mpaka leo hupika chai ya watu wawili akainywa peke yake, alikuwa na jibu la swali la mzee. Hakuna aliyemuuliza. Gari likasimama Isinya, na kijana akashuka na mzigo wake.