Tuonyesheni Kwanza: Bi Hamdiya Mselem Anaagwa
Na Gelasius, ofisi ya Mesquite

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuutumikia Umoja wa Walezi wa Nyumbani, Bi Hamdiya Mselem anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025. Wenzake wa ofisi ya Alief, Houston, wameshaanza kugombania kiti chake. Sisi wa Mesquite kiti hatukitaki, tunamtaka mwenyewe, na kwa kuwa hilo halipatikani, nimepewa kazi ya kuandika habari zake.

Alizaliwa Kibokoni, Mombasa, akaja Houston kumfuata mumewe, marehemu Swafwani, aliyekuwa dereva wa lori. Kwetu alianza kama karani wa mapokezi. Wanachama wetu ni watu wanaolea wazee na wagonjwa majumbani, wengi wao Wakenya, Watanzania na Wakongo, na kila aliyeingia mlangoni alikuwa na kilio kile kile: sheria imebadilika, mkaguzi amekuja, na sisi hatukuambiwa. Bi Hamdiya alichoka kuwapa pole. Akauliza sheria hizi zinatungwa wapi, akaambiwa Austin, makao makuu ya jimbo letu la Texas, na kwamba mwananchi yeyote anaweza kwenda kwenye kikao cha kamati ya bunge la jimbo akatoa maoni kabla muswada haujapigiwa kura. Wiki hiyo hiyo alijaza gari mafuta.

Tangu hapo, kila mwaka bunge lilipokaa, na hukaa mwaka mmoja likaruka mmoja, yeye alikuwa njiani. Watu wa Houston aliwabeba mwenyewe. Sisi wa Mesquite, upande wa Dallas, tulimkuta huko huko, na ole wako uchelewe, maana mahamri na mbaazi alivigawa kwenye maegesho kwa waliofika tu.

Shida yetu kubwa ilikuwa adabu. Kila mtoa maoni hupewa dakika mbili, kisha kengele inalia. Papa Placide, mzee wetu kutoka Bukavu, alipofika mbele ya kipaza sauti kwa mara ya kwanza alimsalimu mwenyekiti, akawasalimu wajumbe wote, akaziulizia familia zao, akamshukuru Mungu kwa usalama wa barabarani, akafikisha na salamu za kanisa lake. Alipokohoa ili aingie kwenye hoja, kengele ikalia. Mwenyekiti alimshukuru kwa ukarimu wake.

Bi Hamdiya alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatunga desturi tunayoifuata hadi leo: salamu zote zinamalizwa ndani ya gari. Tukikaribia Austin, kila mtu anamsalimu mwenyekiti kwa sauti, kwa urefu anaoutaka, na abiria wengine wanaitikia kwa niaba yake. Ukiingia kikaoni unaanza na kifungu.

Lakini yaliyompata mwanachama mwenzetu Christelle hayakutokana na adabu. Alikuwa na nyumba ndogo ya kulelea wazee huko DeSoto. Miaka kadhaa iliyopita muswada mmoja ulitaka kila nyumba ya aina hiyo iwe na muuguzi wa kudumu. Tukajiandaa, tukaenda, tukaongea vizuri hata tukapeana mikono. Ndipo tukagundua kwamba asubuhi ile ile kamati ilikuwa imeweka mezani maandishi mapya ya muswada ule. Kifungu cha muuguzi kilikuwa kimetolewa. Kilichoingizwa badala yake kilidai mitambo ya kuzimia moto ndani ya dari, ambayo mwenye nyumba aliyempangisha Christelle asingekubali kamwe kuifunga. Hakuna aliyekuwa amevunja sheria, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Christelle aliketi kwenye ngazi za bunge akasema, "Mama, tulisemea kitu yenye haiko." Muswada ukapita, nyumba ikafungwa, na wazee wale, waliokuwa wameshakuwa ndugu, wakatawanywa huku na huko.

Bi Hamdiya hakulizoea jambo hilo. Tangu siku ile alitamani kitu kimoja: muswada ukibadilishwa, maandishi mapya yawekwe hadharani kabla wananchi hawajaitwa kuongea. Alimwambia kila mjumbe aliyemfungulia mlango, na maneno yake yalikuwa yale yale: "Sikatai wa-amend. Wa-amend, lakini wanionyeshe kabla sija-testify." Muswada wa kudai hivyo uliandikwa zaidi ya mara moja, na kila mara ulifia njiani.

Aprili mwaka huu, kamati moja ilikuwa ikisikiliza maoni juu ya muswada mwingine wa nyumba zetu. Mlangoni tukapewa kurasa mpya, wino haujakauka. Jina la Bi Hamdiya likaitwa. Akaenda mbele, akajitambulisha, akaeleza kwamba maoni aliyokuja nayo ni ya muswada wa jana, na akaomba dakika zake azitumie kuusoma wa leo. Akavaa miwani, akasoma kimya. Chumba kizima kilibaki kumtazama mama wa buibui akifunua kurasa. Mimi nilikuwa nyuma yake, na machozi yalinitoka. Kengele ilipolia alisema amefika ukurasa wa tatu, akawashukuru, akarudi kukaa.

Mwenyekiti akauahirisha muswada kwa wiki moja. Kurasa mpya zikawekwa hadharani, tukazisoma, na tuliporudi tuliongea juu ya kitu kilichokuwepo. Kifungu kimoja kilichotutisha humo kikaondolewa.

Ofisini tulipika biriani. Yeye alikula kidogo tu. Alisema ile ilikuwa hisani ya mtu mmoja kwa siku moja, na yeye hakuwa ameomba hisani. Muswada wake mwenyewe haukufika kwenye kura mwaka huu pia, na bunge linafunga wiki ijayo, halitakaa kwa kikao chake cha kawaida mpaka Januari 2027. Jambo hilo linamuuma, hafichi. Na sisi linatuuma, kwa kuwa tulitamani aondoke na muswada huo mkononi.

Bi Hamdiya, tumeanza kukuonea hamu hata kabla hujafunga mizigo. Rudi Mombasa kwa wajukuu, ulale mpaka jua lipande, na mkaguzi yeyote akibisha usimfungulie. Ahsante kwa safari zote za Austin. Siku muswada wako utakapopita tutakupigia simu wewe kwanza, na tunakuombea afya na umri mrefu wa kuipokea.