Miguu Mitupu Mlangoni mwa Kanisa Jipya

Bwana DO, ofisa wetu wa wilaya, wewe uliyekuja na buti zako za kupanda farasi, Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa kamati, ndiwe Phineas, mwanangu wa tumbo hili, wazee wa kanisa mliokalia viti, akina mama mliopika tangu alfajiri, na nyinyi mliowekwa nyuma ya kamba kule kwenye nyasi kwa sababu hamna viatu, nyinyi ambao tangu asubuhi hakuna salamu iliyowafikia: nawasalimu wote. Walio nyuma ya kamba, nimewaona.

Mimi ni Nanyama. Watoto wa hapa Eldoret wananiita Kukhu, yaani bibi, hata wa Kinandi, kwa maana wengi wao niliwapokea wakizaliwa. Sikusoma. Nimepewa ufunguo wa mlango huu kwa sababu hakuna mama Mkristo aliye mzee kunishinda hapa kwenye kambi ya reli, na nimeambiwa nitoe shukrani fupi. Shukrani ninazo. Ufupi sina.

Naishukuru kamati kwa sakafu. Simenti nyekundu, imepigwa nta mpaka unaona uso wako ndani yake! Ni nzuri sana. Ni nzuri mpaka inaogopa watu. Juzi kamati ilikaa ikasema, asiye na viatu asiingie, ataleta matope. Na Wanyonyi alipofika pale ngazini kutazama tu, Phineas alimzuia kwa mkono na kwa sauti kubwa, mbele ya watu.

Mnamjua Wanyonyi? Kila tofali mnaloliona hapa alilichoma yeye. Udongo wake aliukanyaga kwa miguu kule mtoni Sosiani, asubuhi za baridi ambazo hata ng'ombe walikataa kutoka zizini. Funza walimmaliza vidole. Sasa niambieni, nyinyi mliosoma, ni kiatu gani kitakaa kwenye mguu usio na vidole? Udongo aliokanyaga uwe ukuta wa Mungu, halafu mguu uliokanyaga uitwe uchafu?

Phineas, usinikonyeze. Macho hayo nilikuzaa nayo, nayajua.

Mimi nimewahi kuiona nyumba kubwa ya kuabudia, na ni vizuri mnisikie. Nilikuwa yaya kwa Mzungu mlima ngano, njia ya kwenda kijiji cha Ziwa. Kabla ya vita vya Hitler, Bwana huyo na mkewe, Memsahib, walikwenda kwao Ulaya na mtoto mchanga, wakanichukua nimbebe. Meli ilipofika Suez, matajiri walishuka wakatembezwa Kairo kwa gari, meli waikute mbele, mwisho wa mfereji. Mji ule! Chukua Eldoret, Nakuru na Nairobi uzimwage ndani yake, hazijazi hata soko. Tukapelekwa kwenye msikiti wa zamani sana, mawe yake yamelika na upepo, minara imesimama kama miti ya miwati.

Mlangoni alikaa mzee wa kilemba, mlinzi wa pale. Bwana akaambiwa avue viatu. Akakataa; akasema mguu wake haugusi sakafu ya watu wale. Basi wakaletewa mifuko ya kitambaa, wakakalishwa kwenye benchi, yeye na Memsahib, wakafungwa miguu kama kuku wa kwenda sokoni. Mimi nikarudi nyuma. Kazi yangu niliijua: kukaa juani na mtoto. Yule mzee akanitazama miguu. Mitupu, visigino vimepasuka. Nikaona haya. Akanionyesha maji, nikanawa. Kisha akasema neno, yule aliyekuwa akitutembeza akaligeuza kwa Kizungu, na Memsahib akawa mwekundu.

Nikamwuliza, "Memsahib, anasema nini?"

Akageuza uso. Ni Bwana aliyecheka, akaniambia, "Anasema wewe uko tayari. Ingia kwanza."

Nikaingia kwanza. Mimi, Mkristo wa kambini, mtoto wa Mzungu mgongoni, nikasimama chini ya taa zilizoning'inia kwa minyororo, duara ndani ya duara, na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. Sikuomba maombi yao. Niliomba yangu, nikalia kidogo. Tulipotoka Memsahib aliniambia, "Yaya, usizoee."

Sikuzoea. Ningezoelea wapi? Huku kwetu kanisa la Wazungu nililijua kwa nje tu, nimeshika kigari cha mtoto chini ya dirisha, mvua inaninyeshea, nyimbo zao naziimba kwa pua. Nikajiambia, ngoja, siku moja tutajenga la kwetu. Tumejenga. Na neno lile la Memsahib nalisikia tena, safari hii kwa Kibukusu, kutoka kwa kinywa nilichokinyonyesha.

Phineas, karani wa reli, viatu vyako vya kwanza niliviokota kwenye takataka ya Memsahib. Vilikuwa vya msichana, vina kifungo. Ulivivaa ukalala navyo, na nikijaribu kukuvua unanipiga mateke. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikupenda ukiwa miguu mitupu, nakupenda na sasa. Lakini leo nakuonea aibu, na nakwambia mbele ya watu kwa sababu Wanyonyi naye ulimzuia mbele ya watu.

Kama shida ni matope, karai la maji limekosekana Eldoret nzima? Mchungaji, wewe unajua ni nani aliyeambiwa avue viatu, na ni nani aliyeinama akaosha wenzake miguu. Mimi sikufundishi. Bwana DO, usitazame buti zako, kamba haikuhusu wewe.

Nasikia mtu kule anasema, "Kukhu amalize, nyama inapoa." Nyama haikuchoma tofali.

Mlango nitaufungua. Ni wa Mungu, si wa kamati, siwezi kuukalia. Ila nikishaufungua, viatu hivi vya mkaza mwanangu Tryphosa, vinavyoniuma kama siafu, vitabaki ngazini, nami nitakwenda kukaa kwenye nyasi na Wanyonyi. Ibada iendelee. Na wewe Phineas, ukiona kiti changu kitupu ukaja kuniita, usianze na mimi. Mwite yeye kwanza, kwa jina lake, kwa sauti ile ile uliyomzuia nayo.

Mlionisikiliza, asanteni. Mliokuwa mkitazama saa, asanteni nanyi, mmevumilia.

Haya, mlango u wazi. Mzee Kiprono, uliye hapo nyuma, niinulie kamba hiyo kidogo. Mgongo wangu haukunjiki tena.